Sura ya Tatu: Benki Iliyozaliwa na Deni

Ukifungua sheria ya benki kuu ya karibu nchi yoyote leo, utakuta mapema kabisa kifungu kinachosema kwamba lengo lake kuu ni utulivu wa bei. Kifungu hicho kimezoeleka kiasi kwamba wengi wetu tunaamini ndicho kilichozaa benki kuu zenyewe, kwamba siku moja watu wenye busara waliona bei zinayumba, wakakaa kitako na kuunda taasisi ya kuzituliza. Haikuwa hivyo. Utulivu wa bei kama jukumu la kisheria ni jambo la juzi. Tanzania iliuandika kuwa lengo kuu mwaka 1995, na Uingereza yenyewe mwaka 1998. Benki iliyokuja kuigwa na dunia nzima ilianzishwa zaidi ya miaka 300 iliyopita kwa sababu nyingine kabisa: serikali ilitaka kukopa, na wenye fedha hawakuwa na imani nayo. Ninachodai katika sura hii ni kwamba sababu hiyo haijafutika. Benki kuu ni chombo ambacho kwacho serikali hujinyima uhuru fulani ili iaminike, na historia yote ya taasisi hizi, kutoka London hadi Dar es Salaam, husomeka vizuri zaidi tukiuliza kila mara ni nani aliyefungwa mikono, nani aliyemfunga, na fundo lilifunguliwa lini.

Tuanze na London. Katika karne ya 17 mfalme wa Uingereza alikuwa mdaiwa wa kuogopwa kuliko mfanyabiashara wa kawaida, na tatizo halikuwa umaskini. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mfalme hakuwa na wa kumlazimisha kuinywa dawa hiyo, kwa kuwa mahakama zilikuwa zake na askari walikuwa wake. Mwaka 1640 Charles I alizuia mali ambayo wafanyabiashara walikuwa wameiweka katika kiwanda cha sarafu ndani ya Mnara wa London, akaiachia baada tu ya wenyewe kukubali kumkopesha. Wenye akiba walipata somo, na wengi wakazihamishia kwa masonara. Masonara hao polepole wakawa mabenki. Walipokea amana, wakatoa stakabadhi, na stakabadhi zikaanza kupita mkono kwa mkono kama fedha taslimu. Kisha wao wenyewe wakavutwa na riba nono wakamkopesha mfalme aliyefuata. Mwaka 1672 Charles II akasimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni ya Hazina yake, na baadhi ya masonara wakafilisika, wakazama na amana za wateja wao.

Hiyo ndiyo sifa aliyoirithi William III alipoingia vitani na Ufaransa mwaka 1689. Mwaka uliofuata Wafaransa wakayashinda majeshi ya majini ya Uingereza na Uholanzi karibu na Beachy Head, na ikawa wazi kwamba bila meli mpya kisiwa chenyewe kilikuwa hatarini. Mwaka 1694 Bunge likaukubali mpango ambao Mskoti mmoja, William Paterson, alikuwa ameupigia debe kwa muda. Watu wangechanga pauni 1,200,000 na kuikopesha serikali kwa riba ya asilimia 8. Ukiongeza pauni 4,000 za gharama za uendeshaji, walihakikishiwa pauni 100,000 kila mwaka kutoka kwenye ushuru mpya wa meli na vileo. Wachangiaji wakapewa haki ya kuunda kampuni itakayopokea amana na kutoa noti. Daftari la kujiandikisha lilijaa kwa siku 12 tu. Tarehe 27 Julai hati ya kifalme ikatolewa, na John Houblon akawa gavana wa kwanza wa Benki ya Uingereza. Mizania ya benki hiyo siku ya kwanza inastahili kutazamwa kwa karibu. Upande mmoja palikuwa na mtaji wa wenye hisa na noti walizoanza kutoa. Upande wa pili, mali kubwa kuliko zote ilikuwa deni la serikali. Noti iliyopita mikononi mwa mwenye duka wa London ilisimama, mwisho wa yote, juu ya ahadi ya Hazina.

Kwa nini basi watu waliokimbia wafalme kwa miaka 50 walijiandikisha kwa siku 12? Riba ilikuwa nzuri, lakini riba nzuri ilikuwepo hata mwaka 1672. Kilichobadilika ni mamlaka nyuma ya ahadi. Baada ya mapinduzi ya 1688 kodi zilikuwa mikononi mwa Bunge, na wenye fedha walikuwa na watu wao humo au walikuwa humo wenyewe. Halafu kuna kifungu ambacho wasimulizi wengi hukipita haraka, ilhali kwangu ndicho kiini cha sheria nzima: benki iliyoanzishwa ili kuikopesha serikali ilikatazwa kumkopesha mfalme bila idhini ya Bunge, na adhabu ya kukiuka ilikuwa mara tatu ya kiasi kilichokopeshwa. Mkopo wa kwanza uliidhinishwa, na mlango wa mikopo ya siri ukafungwa papo hapo. Mfalme alipata fedha nyingi kuliko waliomtangulia kwa sababu alikuwa amenyang'anywa uwezo wa kuzichukua apendavyo.

Nguvu ya kifungu hicho ilionekana kilipolegezwa. Mwaka 1793, vita dhidi ya Ufaransa ya mapinduzi vilipoanza, Waziri Mkuu William Pitt alipitisha sheria iliyoiruhusu benki kulipia hati za Hazina bila kikomo kilichokuwa kimetazamiwa. Maombi ya serikali yakafuatana, wakurugenzi wakalalamika, wakaendelea kulipa. Februari 1797, uvumi wa uvamizi wa Wafaransa ulipoenea na watu wakakimbilia dhahabu, serikali ikaiamuru benki iache kubadilisha noti zake. Hatua iliyoelezwa kuwa ya muda ilidumu hadi 1821. Tangu noti zilipoacha kuahidi dhahabu, bei zilipanda na pauni ikashuka thamani, ingawa haikusambaratika, na sababu mojawapo ya kutosambaratika ni kwamba Bunge liliendelea kutoza kodi nzito ya vita, ikiwemo kodi ya mapato iliyoanza 1799. Ahadi ilikuwa imesimamishwa, lakini aliyeitoa bado alionekana kuwa na nia na uwezo wa kuirudia.

Msomaji wa historia ya fedha anaweza kunipinga hapa kwa mifano mitatu. Wa kwanza ni Amsterdam, ambako benki ya jiji ilifunguliwa mwaka 1609 ili kupambana na vurugu za sarafu, na kwa kanuni zake haikutakiwa kumkopesha mtu. Ni kweli, na kwa zaidi ya karne moja salio katika vitabu vyake lilithaminiwa kuliko sarafu zenyewe. Lakini tazama ilivyokufa. Kwa siri ilikuwa ikiikopesha Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, na vita vya 1780 hadi 1784 dhidi ya Uingereza vilipoiangusha kampuni hiyo, deni halikulipika. Mwanzoni mwa miaka ya 1790 hali ikawa wazi, na benki haikuinuka tena. Ilikuwa na ahadi nzuri kuliko ya London, bila mtu wa nje mwenye haki ya kukagua kama inatimizwa. Mfano wa pili, Uswidi, kwangu ni ushahidi wa upande wangu. Nchi hiyo ilitumia fedha za shaba, na bamba moja la daler 10 lilikuwa na uzito wa karibu kilo 20, hivyo malipo makubwa yalihitaji mkokoteni wa kuyabeba. Johan Palmstruch alipotoa noti za karatasi mwaka 1661, za kwanza barani Ulaya, watu walizipokea kwa furaha. Akatoa nyingi mno, na ndani ya miaka michache benki yake ikaanguka. Mwaka 1668 ikaundwa benki nyingine, ile ambayo bado ipo Stockholm hadi leo, nayo ikawekwa chini ya Bunge na si chini ya mfalme. Hilo lilikuwa chaguo la makusudi.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Marekani ilianzisha Benki ya Akiba ya Shirikisho tarehe 23 Desemba 1913 kwa sababu ya hofu ya 1907, wakati mabenki ya New York yalipokimbiwa na wateja na J. P. Morgan akalazimika kuwakusanya wenzake kutafuta fedha za kuokoa hali. Serikali ya Washington haikuwa ikitafuta mkopo. Nakubali chanzo hicho. Lakini Aprili 1917 nchi ikaingia vitani, na taasisi iliyokuwa haijafikisha miaka minne ikawa mtumishi wa kuuza hati fungani za vita. Mwaka 1942 ikakubali kuzuia riba ya hati za muda mfupi za serikali isizidi asilimia 0.375, ili vita vya pili vigharimiwe kwa bei nafuu, na haikujinasua hadi makubaliano ya Machi 1951 kati yake na Hazina. Benki iliyozaliwa mbali na deni la serikali ililikuta barabarani, na kazi yake ngumu kuliko zote katika miaka 40 ya kwanza ilikuwa kutengana nalo.

Kazi ya kuokoa mabenki nayo ilikuja kwa kusukumwa. Benki ya Uingereza ilikuwa kampuni ya watu binafsi yenye gawio la kulipa, na mwanzoni mwa hofu ya Desemba 1825 ilibana mikopo kama mfanyabiashara yeyote mwenye woga. Mabenki ya mikoani yalipoanza kuanguka kwa makumi, ikageuka ghafla na kukopesha kwa kila namna iliyowezekana. Sheria ya 1844 ikajaribu kuirudisha kwenye nidhamu: juu ya pauni milioni 14, kila noti iwe na dhahabu au fedha nyuma yake. Nidhamu hiyo ilikuwa kali mno kwa siku za moto, na serikali ikalazimika kuilegeza kwa barua mara tatu, mwaka 1847, 1857 na 1866. Mara ya tatu ndiyo iliyoacha alama kubwa. Tarehe 10 Mei 1866 nyumba ya fedha ya Overend, Gurney ilifunga milango, na kesho yake London nzima ikawa inatafuta taslimu. Benki ilimwacha Overend afe, kisha ikawakopesha waliobaki mamilioni ya pauni kwa siku moja, ikapandisha riba hadi asilimia 10, na hofu ikapoa. Mwaka 1873 Walter Bagehot, katika kitabu chake *Lombard Street*, akaieleza desturi hiyo kama wajibu: wakati wa hofu kopesha kwa wingi, kwa riba ya juu, kwa dhamana nzuri. Thomson Hankey, aliyekuwa amewahi kuwa gavana, alikuwa amekwisha kulipinga wazo hilo, akisema mabenki yakijua yataokolewa yataacha kuweka akiba yao wenyewe. Kila msukosuko tangu hapo umempa Hankey sehemu ya haki yake. Hata hivyo hoja ya Bagehot ilisimama juu ya jambo ambalo Hankey hakulijibu: benki iliyopewa na sheria upendeleo wa kutoa noti ndiyo ghala la akiba ya taifa zima, na ghala hilo haliwezi kufungwa siku ya njaa kwa kisingizio kwamba ni mali ya wenye hisa.

Afrika Mashariki inatupatia jaribio ambalo Ulaya haikulifanya. Nini hutokea serikali ikifungwa mikono kabisa? Desemba 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye makao London. Ilianza katikati ya vurugu. Rupia iliyotumika Kenya na Uganda, ambayo kabla ya vita ilikuwa na thamani ya shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, ilipanda pamoja na bei ya madini ya fedha hadi ikafungwa kwenye shilingi 2 mwaka 1920, ikapita kwa muda mfupi katika sarafu ya florini, na tangu 1921 tukawa na shilingi, 20 kwa pauni moja. Zanzibar iliiacha rupia yake mwaka 1936. Utaratibu wa Bodi ulikuwa rahisi. Msimu wa pamba ulipowadia Uganda, benki iliyohitaji shilingi milioni moja za kuwalipa wakulima ililipa pauni 50,000 London, na wakala wa Bodi huku akatoa noti na sarafu. Msimu ukiisha shilingi zilirudishwa na pauni zikachukuliwa. Hapakuwa na gavana, wala riba ya kupanga, wala wa kukimbiliwa benki ikielemewa. Pauni zilizolala London ziliwekwa katika dhamana za serikali ya Uingereza na nyingine za Dola yake, kwa hiyo mkulima aliyefukia shilingi zake chini ya kitanda alikuwa, bila kuulizwa, ameikopesha himaya.

Wapo wanaosema tulikosea kuiacha Bodi hiyo. Wanaonyesha miaka 45 ya shilingi iliyotulia, kisha wanaonyesha yaliyofuata. Hoja hii haistahili kudharauliwa, maana utulivu ule ulikuwa wa kweli na mwenye mshahara mdogo ndiye hufaidika nao kwanza. Lakini tuutazame ulivyosimama. Bodi ilipata hasara kubwa ilipozikusanya rupia za zamani na kuuza madini yake wakati bei imeanguka, na kwa miaka mingi akiba yake haikutosha kulipia noti na sarafu zote zilizokuwa mitaani. Hakuna aliyeikimbilia. Shilingi haikusimama juu ya akiba peke yake, ilisimama juu ya imani kwamba serikali ya Uingereza haitaiacha ianguke. Na mwenye kuitegemea ahadi ya mwingine huyumba naye: Septemba 1949 London iliposhusha pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80, shilingi yetu ilishuka nayo, na hakuna mtu wa Kampala wala Moshi aliyekaa katika kikao hicho. Katika mdororo wa miaka ya 1930, mauzo ya nje yalipoporomoka, mzunguko wa fedha ulipungua pamoja nayo, na hapakuwa na chombo chenye madaraka ya kuupunguzia makali. Mikono iliyofungwa ilikuwa yetu, na waliofunga hawakuwajibika kwetu. Bodi iliruhusiwa mwaka 1955 kuwekeza hadi pauni milioni 10 katika dhamana za serikali za Afrika Mashariki, na mwaka 1960 ikahamia Nairobi, lakini uhuru ulikuwa unabisha hodi.

Mwaka 1963 Erwin Blumenthal wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi, aliyeombwa ushauri na Tanganyika, alipendekeza benki moja ya kanda yenye matawi ya kitaifa. Nchi tatu hazikuafikiana ni nani angeamua kiasi cha mikopo kwa kila serikali, swali lilelile la 1694. Juni 1965 zikatangaza kwamba kila moja itakwenda njia yake, na mwaka 1966 zikafungua milango zikifuatana: Benki Kuu ya Tanzania tarehe 14 Juni chini ya Edwin Mtei, ya Uganda tarehe 15 Agosti chini ya Joseph Mubiru, na ya Kenya tarehe 14 Septemba. Matunda ya kwanza yalionekana mapema. Novemba 1967 Uingereza iliposhusha pauni tena, benki zote tatu zilikataa kuifuata. Kwa mara ya kwanza thamani ya shilingi iliamuliwa Afrika Mashariki.

Kilichofuata ni sura ngumu, na haifai kuifunika. Sheria za mwanzo ziliweka mipaka ya mikopo kwa serikali, lakini waliotunga mipaka hiyo ndio waliokuwa na uwezo wa kuisogeza, na hapakuwa na Bunge lenye meno ya kuwauliza. Nchini Tanzania mabenki ya biashara yalitaifishwa Februari 1967, mikopo ikaanza kupangwa kwa mpango wa taifa, na mwaka 1978 Benki Kuu ikapewa rasmi kazi ya kugharimia maendeleo. Bei ya mafuta, Vita vya Kagera na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 viliongeza mzigo. Hasara za mashirika ya umma zikaishia katika mfumo wa benki, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka. Mtei, aliyekuwa amekwisha kuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kenya ilifika kulekule kwa njia nyingine. Mwaka wa uchaguzi wa 1992 fedha ziliongezeka kwa kasi kubwa, kashfa ya Goldenberg ikakamua hazina, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ukawa wastani wa karibu asilimia 46. Noti ya shilingi 500 ilipachikwa mitaani jina la mwanasiasa aliyeongoza kampeni ya vijana wa chama tawala, na kila aliyekwenda sokoni alijua kwa nini.

Mageuzi ya miaka ya 1990 na baadaye, kwa mtazamo huu, ni kurudi kwenye kifungu kile cha 1694. Sheria ya Kenya inaizuia benki kuu kuikopesha serikali zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida yaliyokaguliwa, na Katiba ya 2010, ibara ya 231, inasema benki hiyo haitaelekezwa na mtu yeyote katika kazi zake. Hapa huja pingamizi la mwisho, ambalo ndilo linalonigusa zaidi: ni haki gani wataalamu wachache wasiopigiwa kura wapange riba inayoamua nani atajenga na nani atapoteza kazi? Jibu langu ni kwamba uhuru wa benki kuu unaoeleweka kama uhuru dhidi ya wananchi hauna msingi katika historia hii. Mwaka 1694 na 1668 aliyefungwa mikono alikuwa mwenye kutumia fedha, na aliyefunga alikuwa Bunge linalotoza kodi. Gavana anastahili kinga dhidi ya simu ya usiku kutoka kwa waziri. Hana kinga dhidi ya swali la mchana kutoka kwa mbunge, na pale anapopewa ya pili pamoja na ya kwanza, Amsterdam inajirudia.

Swali la Blumenthal sasa limerudi mezani. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, kwa lengo la sarafu moja ifikapo 2024. Tarehe hiyo imesogezwa hadi 2031. Wengi wanatafuta sababu za kuchelewa katika teknolojia, majina ya sarafu au mahali pa makao makuu. Soma badala yake vigezo vinne ambavyo nchi inatakiwa kuvitimiza. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, na akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Hivyo viwili benki kuu zinaweza kuvihangaikia. Nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa. Hivyo viwili viko mikononi mwa Hazina na Mabunge, na hakuna gavana anayeweza kuvitimiza kwa niaba yao.